Shemeji wa Mchanga

Muuzaji wa magodoro alimwuliza swali jepesi kabisa, la kuanzia tu, kama daktari anavyomwuliza mgonjwa umri wake.

"Mzee wako hulalaje, mama? Chali, kifudifudi, au ubavu?"

Mshona mapazia akafungua kinywa kujibu, na kinywa kikabaki wazi.

"Ubavu," akasema mwishowe. "Ubavu wa kulia. Mguu mmoja ameunyoosha, mwingine ameukunja."

Hakusema uongo. Ndivyo mumewe alivyokuwa akilala. Lakini jibu lenyewe lilikuwa limelala muda mrefu mno, na yeye mwenyewe alilisikia lilivyochacha lilipokuwa likimtoka. Tangu mafua yale ya msimu wa baridi, mumewe alikuwa akilala kwenye kochi sebuleni, na kama huko alilala chali au alijikunja kama uduvi, mkewe hakuwa na habari. Alichokikuta kila asubuhi ni blanketi lililokunjwa mraba, mto juu yake, na kochi lililonyooshwa utadhani halijawahi kulaliwa na binadamu.

Hawakugombana. Hilo ndilo lililomtafuna. Wangegombana angejua pa kushika, maana ugomvi una kichwa na una miguu. Haya yalikuwa mafua tu. "Nisije nikakuambukiza," alisema mumewe, akachukua mto wake. Mafua yakaisha, kikohozi kikaisha, mto haukurudi. Kwa muda mzee akasingizia mgongo: godoro limebonyea, linamvunja kiuno. Halafu hata kusingizia akaacha. Mke naye akaacha kuuliza, kwa sababu ukiuliza unaweza kujibiwa.

Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali, na kwenye simu aliambiwa kwamba nyumbani hawajambo. Basi nyumba ikawa na watu wawili wanaopishana kwenye korido kwa adabu kama wapangaji.

Mshona mapazia alikuwa amemaliza kazi kubwa ya kushonea hoteli, akapiga hesabu yake kimyakimya: kama ni godoro lililomfukuza mume chumbani, basi godoro ndilo litakalomrudisha. Ndiyo maana leo alikuwa hapa, katika duka refu lenye harufu ya plastiki mpya, amesimama katikati ya vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia.

"Anapenda gumu au laini?" muuzaji aliendelea. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, amevaa koti jeupe lililowafanya wachukuzi wa duka wamwite Daktari.

"Gumu kama meza. Mimi nataka laini, nizame."

"Na joto?"

Mshona mapazia akacheka kidogo. "Hapo ndipo penye kazi."

Akaeleza. Mumewe ni fundi wa mafriji. Siku nzima kichwa kimo ndani ya mafriza ya watu, na akirudi nyumbani vidole vyake ni vya baridi hata akishika kikombe cha chai. Mtu huyo akilala anataka kulemewa, afunikwe mpaka masikioni. Na yeye? Siku nzima yuko juu ya pasi ya mvuke, na sasa umri umemletea joto lake lenyewe, linalomzukia bila hodi, kama mtu amewasha jiko kifuani na kuondoka.

"Kwa hiyo yeye barafu, wewe mkaa," Daktari akasema. "Pole sana, lakini hamko peke yenu. Nusu ya wanaoingia humu ni barafu na mkaa. Wengine wanaanza kugombana hapa hapa dukani, viatu wamevua, wamelala chali mbele za watu. Njoo huku."

Akampeleka kwenye kitanda cha mwisho. Godoro lake lilikuwa nusu mbili zilizounganishwa kwa zipu katikati: upande huu gumu, upande ule laini. Juu ya kila nusu lilitandikwa tabaka la sufu, na juu ya vyote, shuka moja. Na kwa kujifunika kulikuwa na mifarishi miwili, mmoja mnene, mmoja mwepesi.

"Sufi?" mshona mapazia aliuliza. Alikumbuka mito ya bibi yake, iliyovuja vinyuzi vyeupe kila ikipigwa.

"Sufu, mama, si sufi! Sufi inaota juu ya mti, sufu inanyolewa mgongoni mwa kondoo. Ni herufi moja tu, lakini ukikosea unalala mtini. Sasa mwangalie kondoo. Jua likiwaka anadunda, baridi ikija anadunda, na nguo ni ile ile. Sufu inapumua. Jasho lako litapita, baridi ya mzee haitaingia. Kila mtu na mfarishi wake."

"Kitanda kimoja, kila mtu na wake? Kama bweni?"

"Bweni gani lina mume? Vua viatu ujaribu. Lakini ngoja kwanza nimlete Shemeji."

Mshona mapazia akashtuka. "Nimekwambia yuko kazini."

"Si huyo wako. Wangu." Daktari akainama nyuma ya kabati, akavuta kwa mikono miwili gunia refu la turubai lililoshonwa kama mwili usio na kichwa, limejaa mchanga. "Watu wengi wanakuja mmoja mmoja, na godoro la wawili halijaribiwi na mtu mmoja. Sasa mume wa kila dada anayeingia humu si shemeji yangu? Basi nikampa jina. Akija mwanamume peke yake tunamlaza na huyu huyu, ila hapo tunamwita Wifi. Haya, wako ana uzito gani?"

"Wa kati. Amekonda kidogo siku hizi."

Daktari akaongeza vifuko vya mchanga, akapunguza kimoja, akamkokota Shemeji, akamlaza upande mgumu. Mshona mapazia akalala upande laini. Godoro likampokea. Aliangalia dari, akasikia feni, akasikia magari huko nje. Kando yake kulikuwa na uzito uliotulia. Ilikuwa muda mrefu tangu kuwe na uzito wowote kando yake. Hakujua mkono wake ulivuka zipu saa ngapi. Alipouona, ulikuwa umetua juu ya turubai, mahali ambapo Shemeji angekuwa na bega.

Daktari aliuona pia. Akageuka, akajifanya ananyoosha bango la bei.

Kisha akarudi, akamviringisha Shemeji kwa nguvu. "Umesikia kitu?"

"Sijasikia."

"Ndiyo uzuri wake! Mwenzio ageuke, aamke, aende zake, wewe huna habari!"

Maneno hayo yalimchoma mahali, lakini alikwisha kuamua. Alisikiliza kwa sikio moja tu Daktari alipomweleza kuhusu godoro: upande mgumu huvimba ukitoka kwenye mfuko, lazima ugandamizwe siku mbili ndipo nusu zote mbili zilingane, kwa hiyo wachukuzi watamleta Shemeji, watamlaza pale, halafu watamfuata. Mshona mapazia akaitikia ndiyo, ndiyo. Walipomwomba namba ya simu akatoa ya mumewe, kwa kuwa Jumamosi yeye angekuwa juu ya ngazi nyumbani kwa mteja, mdomo umejaa ndoano za mapazia.

Jumamosi alasiri alirudi nyumbani mabega yakimuuma. Mlango ulikuwa wazi, madirisha wazi, sakafu bado ina unyevu wa kupigwa deki. Kochi lilikuwa tupu. Hakuna blanketi la mraba, hakuna mto. Alipitiliza moja kwa moja mpaka chumbani, na huko mlangoni akasimama.

Mto wa mumewe ulikuwa kitandani. Upande wake wa zamani, karibu na dirisha, umevishwa foronya safi.

Akaenda akaugusa. Akaukandamiza kidogo, kama mtu anayejaribu kitambaa dukani. Akaunyoosha, ingawa haukuwa na mkunjo. Amerudi, alijiambia. Godoro lenyewe halijafika, na amerudi. Alitaka kwenda kumwambia kitu, lakini aliogopa kwamba neno lolote, hata zuri, lingeweza kulishtua jambo hili likaruka kama ndege dirishani. Akanawa uso. Akabadilisha kanga ya kichwani, akachagua ile ambayo zamani mumewe aliisifia.

Jikoni alimkuta amevaa shati la kola, anafuta vikombe vya wageni.

"Umechoka?" mumewe aliuliza.

"Kidogo."

"Kaa. Nikumiminie chai."

Akakaa. Alimiminiwa chai. Alikunywa polepole, akiitazama mikono ile ya baridi ikipanga visahani, na kwa dakika hizo chache nyumba ilikuwa nyumba.

"Sasa," mumewe akasema, "dada yako anafika saa ngapi?"

"Dada yangu nani?"

"Dada yako mkubwa. Shemeji. Dereva kanipigia mchana niko ndani ya friza la watu. 'Mzee, tunakuja na godoro lenu, na Shemeji tunaye. Atabaki kwako siku mbili, halafu tutamfuata.' Nikamwuliza, shemeji yupi? Akanijibu, 'Mzito huyo, mzee, tumempandisha garini watu wawili.' Nikajua ndiye. Nimeacha kazi ya watu nusunusu, nimekuja mbio. Kwa nini hukunitonya mapema?"

Mshona mapazia akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo ule mto…"

"Alaa, ulitaka aukute sebuleni? Unaujua mdomo wa dada yako. Kabla jua halijazama ukoo mzima ungekuwa na habari."

Moyo wake haukuanguka kwa kishindo. Ulishuka taratibu, kama pazia ambalo ndoano zake zinachomoka moja baada ya moja. Mto haukurudi kwa ajili yake. Umerudi kwa ajili ya mgeni, kama vikombe vizuri, kama deki, kama shati la kola.

Hodi ikabishwa. Mumewe akajiweka sawa, akaenda mlangoni kwa tabasamu pana. "Karibu, Shemeji, karibu sana, za safari?"

"Nzuri tu, mzee," akajibu mchukuzi wa mbele, akihema, amekumbatia gunia la turubai kiunoni. Wa nyuma alikuwa ameshika mwisho mwingine. "Tumlaze wapi huyu?"

Fundi friji akalitazama gunia. Akatazama nje, pikapu ilikokuwa imesimama na godoro lake tu. Akalitazama gunia tena.

"Huyu ndiye Shemeji?"

"Ndiye, mzee."

"Mbona kichwa hana?"

"Angekuwa na kichwa angesema," mchukuzi akasema. "Huyu ndiye shemeji mzuri."

Mke ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kilimtoka tu, kwa pua kwanza, kisha akashika ukuta. Mumewe akafuata, shati la kola na yote, akacheka mpaka akakaa juu ya mkono wa kochi akijifuta macho kwa kitambaa cha vikombe. Wachukuzi nao wakacheka bila kujua kinachochekwa. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko cha watu wawili kwa wakati mmoja tangu baridi ile.

Kisha kazi ikafanyika. Godoro la zamani likatoka, la nusu mbili likaingia, zipu ikafungwa, tabaka la sufu likatandazwa, shuka ikapita juu. Wachukuzi wakamlaza Shemeji upande mgumu, upande wa dirisha, wakasogeza mto wa mzee pembeni ili apate nafasi. Wakaaga, wakaenda zao.



Mume na mke walisimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Hapakuwa na mgeni wa kuogopwa. Hapakuwa na macho ya mtu. Mshona mapazia aliuona mkono wa mumewe ukienda, polepole, ukaushika mto.

"Basi," mumewe akasema, bila kumtazama. "Acha afanye kazi yake huyu. Mimi nitajibanza huku huku."

Akatoka na mto kwapani.

Alibaki na Shemeji. Mifarishi miwili mipya ilikuwa imekunjwa miguuni pa kitanda, mmoja wa mtu wa baridi, mmoja wa mtu wa joto. Aliwaza kwamba angeweza kuizoea hali hii. Watu wanazoea. Angekuwa na godoro zuri kuliko yote mtaani, na gunia. Na baada ya siku mbili hata gunia lingechukuliwa.

Alipofika hapo, joto lake likazuka, lile la bila hodi, kuanzia kifuani mpaka kwenye masikio. Lakini safari hii halikuwa la umri peke yake.

Maisha yake yote amebeba majora ya vitambaa mgongoni. Alimshika Shemeji kiunoni, akamvuta, akamwangusha chini kwa kishindo, akamburuta mlangoni, kwenye korido, mpaka sebuleni. Mumewe alikuwa ndiyo kwanza anaunyoosha mto kochini. Mke akautoa mto, akamtupa Shemeji mahali pake. Kochi likalia.

"Unafanya nini?"

"Mgeni analala sebuleni."

"Si wamesema siku mbili…"

"Kazi yake kugandamiza tu. Yule mama alimpima kwa uzito wako. Mtu mwenye uzito ule ule anaifanya kazi hiyo vizuri zaidi." Alikuwa anahema. Alitaka kuishia hapo, kwenye mzaha, pasipo na hatari. Lakini ulimi ulikwisha kuondoka. "Nimechoka kulala na chumba. Kama hutaki kurudi, sema hutaki. Ila usiniambie tena habari za mgongo."



"Si wewe uliyenifukuza?" fundi friji akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Wakati wa yale mafua. Nilikuwa nimekujia karibu, natetemeka. Ukanipiga teke. Ukasema, 'Uondoke, umenichosha, umezidi kuniunguza.' Hivyo hivyo. Kesho yake nikachukua mto."

Mke akajaribu kukumbuka. Hakukumbuka maneno. Alikumbuka ule mfarishi wao wa zamani, mzito kama zege, wa nyuzi za kiwandani, alivyokuwa akiupiga mateke usiku baada ya usiku jasho likimtiririka shingoni. Kisha akaelewa, na akakaa chini, juu ya miguu ya Shemeji kama angekuwa nayo.

"Mfarishi," akasema. "Uondoke. Mfarishi uondoke. Ulikuwa umeniunguza, mfarishi."

"Hukusema mfarishi."

"Nilikuwa usingizini! Nilikuwa nasema na mfarishi!"

Fundi friji akabaki amesimama, akiipitisha ile sentensi kichwani mwake, kama anavyosikiliza mashine inayokataa kupoza. "Yaani mfarishi ni *u*," akasema, "na mimi nikiwa kando yako ni *u*."

"Tungekuwa tunajifunika blanketi ningesema *liondoke*."

"Nisingeondoka."

"Usingeondoka."

Hawakucheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha, na siku moja labda lingechekwa, lakini wakati ule mke alichokiona ni msimu mzima uliopita, asubuhi zile zote za blanketi la mraba, kwa ajili ya herufi. Na kulikuwa na lingine, ambalo hakulisema. Mtu akitaka kubaki huuliza: mimi au mfarishi? Huyu hakuuliza. Labda ni kweli alifukuzwa na neno. Labda neno lilimkuta ameshasimama. Hakuna fundi wa kulipima hilo, na yeye pia hakuwa ameuliza.

"Haya," mumewe akasema. "Twende tukaligandamize godoro."

Jua la jioni lilikuwa bado dirishani walipolala, kila mtu nusu yake, kila mtu na mfarishi wake. Mke alijifunika ule mwepesi na kwa mara ya kwanza joto lake lilipata pa kutokea. Alimsikia mumewe akivuta ule mnene mpaka masikioni. Kisha hakusikia kitu. Daktari alisema kweli: godoro halikutikisika hata chembe. Mtu angeweza kuwapo au kutokuwapo. Kwenye godoro la zamani kulikuwa na bonde katikati, na wawili wao waliolilaumu miaka yote waliviringika humo kila usiku wakakutana bila kupenda. Hapa hapana bonde. Hapa, aliwaza, kila kukutana itabidi mtu akutafute.

Akanyoosha mkono. Ukapita ubaridi mwembamba wa zipu chini ya shuka, ukaingia chini ya mfarishi wa mwenzake, ukapapasa. Ulikuta mgongo. Alikuwa amelala ubavu wa kushoto. Kumbe siku hizi ni kushoto.

"Mkono wako wa moto, bibie," mumewe akasema, uso kaugeuzia dirisha. Muda mrefu hakuwa amemwita hivyo, wala kumwita chochote.

"Niutoe?"



"Uache," mumewe akasema.

Hakumwuliza kama alimaanisha yeye aache kumgusa, au mkono uachwe hapo hapo. Aliuacha hapo hapo.

Siku mbili zilipotimia, asubuhi, simu ya mumewe ililia naye yumo bafuni, mkewe akaipokea. Alikuwa dereva wa duka la magodoro.

"Mama, tuko karibu na mtaa wenu. Tuje tumchukue Shemeji?"

Mshona mapazia akatazama kochi. Shemeji alikuwa amelala pale chali, ametulia, amejaza nafasi yote kutoka mkono huu wa kochi mpaka ule. Asingepatikana mtu wa kujipenyeza hapo hata angetaka. Bafuni maji yaliacha kumwagika, na yeye akashusha sauti.

"Mwacheni kwanza," alisema. "Mgeni bado hajaaga."